Msumeno Juu ya Meza ya Cherehani

Mama Pindo aliporudi kutoka kununua uzi, alikuta msumeno wa mnyororo umelazwa juu ya meza yake ya kukatia nguo. Ulikuwa umetandikiwa gunia chini, kama mgonjwa aliyetandikiwa shuka, na mumewe alikuwa ameuinamia, bisibisi mdomoni.

"Hiyo meza ni ya nguo za watu," alisema.

"Nimeweka gunia," mumewe akajibu bila kuitoa bisibisi, sauti ikapitia puani.

"Gunia naliona. Naona na oili ilivyolipita gunia."

Mumewe akanyanyua ukingo wa gunia, akalitazama doa, kisha akalifunika tena taratibu, kana kwamba likifunikwa litasahaulika. Mama Pindo akaweka uzi wake dirishani. Alihisi uchovu wa mtu aliyemaliza kufua, akaanika, halafu akaona wingu.

Msumeno ule ulikuwa umekaa miaka uvunguni mwa kitanda, na yeye ndiye aliyeusukumia huko kwa mguu. Siku ulipogoma kuwaka, mumewe aliuvuta kamba mpaka bega likamtoka jasho, akautukana, akaubembeleza, akautukana tena. Mama Pindo alikuwa mlangoni akimpa pole. Moyoni alishukuru.

Mumewe alikuwa mkata miti. Kambini walimwita Kamba, kwa sababu mti alioukata yeye ulilala pale pale aliposema utalala, ungedhani ameufunga kamba na mtu wa upande wa pili akauvuta. Aliingia porini kijana wa kubeba madumu ya petroli, akatoka fundi wa kuangusha. Nyumba hii waliyokaa aliijenga chumba kwa chumba. Kila aliporudi kutoka kambini, ukuta ulipanda kidogo. Mkewe alijifunza kumtambua kwa harufu kabla hajabisha hodi: petroli, utomvu, na vumbi la mbao ambalo halikutoka masikioni hata baada ya kuoga mara mbili. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaenda makwao, na wote walijifunza kuhesabu kwa vipande vya mbao alivyowachongea.

Kisha mikono ikaanza. Mwanzo ilikuwa asubuhi za baridi tu: ncha za vidole zinapauka, zinakuwa kama mshumaa, anazifikicha, damu inarudi, anacheka. Baadaye haikungoja baridi. Siku moja alinyanyua sufuria jikoni bila kitambaa, akaibeba mpaka mezani, akaiweka, akauliza chumvi iko wapi. Mama Pindo ndiye aliyepiga kelele. Mumewe aliiangalia ngozi yake iliyoungua kama anayeangalia mkono wa jirani.

Daktari aliwaeleza kwamba mashine ile, kwa kutetemeka miaka yote, imeichosha mishipa. Akamwambia aache, la sivyo itafika siku ashindwe kufunga vifungo vya shati lake.

"Mke wangu ni fundi cherehani, daktari," Kamba akasema. "Kwa vifungo sina shida."

Wakacheka wote watatu. Lakini siku yenyewe ilifika, na sasa kila asubuhi Mama Pindo alimfunga vifungo, naye akitazama dari na kuzungumzia mambo mengine.

Kwa bahati msumeno ulikufa msimu ule ule. Basi watu walipomuuliza mbona haendi tena porini, Kamba alikuwa na jibu: "Chombo kimekufa." Hakuna aliyemsikia akitaja mikono. Mama Pindo aliliacha jibu hilo libaki lilivyo, na wakaishi.

Mpaka Shoka alipokuja.

Shoka alikuwa mwenzake wa kambi, mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha watu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kushika shoka maishani. Yeye ni dereva. Alikaa kwenye gogo la nyuma ya nyumba, gogo ambalo wateja wa Mama Pindo hulikalia wakingoja kupimwa, akapiga stori mpaka chai ikapoa.

"Shemeji, unazidi kung'aa," alisema.

"Sema ulichokuja kuchukua."

"Jamani, shemeji! Mtu hata hajasalimia vizuri!" Akamgeukia Kamba. "Lile shamba la miti kule juu limefunguliwa. Vijana wapo, wanajua kukatakata matawi. Kuangusha hawajui. Juzi wameangusha mmoja ukalala juu ya choo."

"Kulikuwa na mtu?"

"Hakukuwa na mtu. Sasa hivi hakuna na choo."

Kamba alicheka mpaka akakohoa. Mama Pindo hakuwahi kumsikia akicheka hivyo tangu msumeno uingie uvunguni.

"Tajiri amesema nimletee Kamba," Shoka aliendelea. "Ila kila mtu aje na chombo chake. Jumamosi napita hapa na gari. Ukiwa nacho, panda."

Ndipo msumeno ukatoka uvunguni, ukapanda mezani.

Mama Pindo hakusema "usiende." Alishalisema neno hilo miaka mingi na halikuwahi kumzuia mtu. Alisogeza cherehani yake karibu na dirisha, akaendelea kupinda suruali za watu, na kwa jicho la pembeni akawa anaona chombo kikivuliwa nguo moja moja: kifuniko, mnyororo, bapa la chuma linalobeba mnyororo, kamba ya kuwashia. Vumbi la zamani la mbao lilikuwa limeshikana na oili likawa kama ugoro mkavu, Kamba akilikwangua kwa kijiti. Aliichungulia pistoni kwa tochi.

"Haina hata mkwaruzo," alisema, kama mtu anayesifu meno ya mtoto. "Angalia, mama. Ni safi."

"Naangalia suruali."

Mrija wa petroli ulikuwa umekauka. Alipouminya ukavunjika kama tambi. Akanunua mwingine. Chujio la petroli lilikuwa limejaa uchafu, plagi imeliwa na kutu. Kila tatizo alilolikuta lilimpa furaha, kwa sababu kila tatizo lilikuwa na jina na lilikuwa na dawa. Alianza kupiga mluzi. Alianza hata kula vizuri.

Ila skrubu zilimshinda. Alizishika, zikamponyoka, akazishika tena. Vidole vyake havikujua kama vimeshika kitu au vimeshika hewa, mpaka atazame. Mwisho akasema, macho yakiwa kwenye meza, "Hebu niazime vidole."

Mama Pindo alitia pini mdomoni, akainuka. Ndivyo alivyojikuta, siku baada ya siku, anaisaidia kazi asiyoitaka. Mumewe anasema, yeye anafanya. "Hiyo zungusha nusu. Bado. Basi, basi, usiikaze kama una hasira nayo."

"Nina hasira nayo."

"Basi ikaze robo tu."

Kulikuwa na utulivu fulani katika kazi hiyo, vichwa viwili juu ya gunia moja. Alikuwa hajakaa naye karibu hivyo kwa muda mrefu. Na kila skrubu aliyoikaza, alijua anaikaza kambi, anayakaza yale mabonde na ile miti, na mtu wake katikati yake akiwa na mikono isiyojua moto wa sufuria.

Kabureta Kamba aliifungua mwenyewe. Mteja alikuwa amekuja kupimwa, Mama Pindo ameshughulika na futi kamba yake chumba cha mbele, na mumewe hakutaka kungoja. Ndani ya kabureta kuna sindano ndogo, haizidi punje ya mchele, ncha yake imechongoka. Kazi yake ni kuruhusu petroli iingie kwa kipimo. Isipokuwepo, petroli inamwagika yote kwa pamoja, injini inalowa, haiwaki. Kamba aliitoa, akageuka kuchukua kitambaa, na aligeuka mkono ukiwa mtupu. Hakujua ilianguka saa ngapi. Hakuihisi ikiondoka.

Alitambaa sakafuni mpaka jioni. Alitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, akaifunga uzi, akaiburura chini ya kabati, chini ya kitanda, kwenye nyufa za saruji. Sumaku iliokota pini za Mama Pindo, pini za miaka na miaka. Kamba alizichomoa moja moja, kwa taabu, akazipanga kwenye kisahani na kumrudishia.

Asubuhi yake, mumewe alipokuwa bafuni, Mama Pindo alifagia. Na kwenye lundo la vipande vya uzi, chini kabisa, aliiona. Ilikuwa imenasa kwenye ukingo wa kitambaa alichopunguza. Aliiokota. Aliiweka kwenye kiganja, akaiangalia, kitu kidogo hivyo, akasikia mumewe anafunga bomba la maji. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kopo la vifungo. Kifuniko kikafunguka, kikafungwa. Kamba alipotoka, alimkuta anafagia pale pale alipoanzia.

"Hujaona kitu?"

"Uzi," alisema.

Hakuwa amepanga. Lakini alipokaa kwenye cherehani alihisi mabega yake yameshuka, kama aliyetua ndoo.

Kamba alikwenda kwa muuza vipuri, akarudi mikono mitupu.

"Anasema mashine hii hata aliyeitengeneza ameisahau," alimwambia. Alijaribu kucheka. Kisha akampigia Shoka simu, akasimama ukumbini akizungumza kwa sauti ya mtu mzima kabisa, mwenye nguvu zake. "Kila kitu tayari, bwana. Ni sindano tu. Sindano tu ndiyo inanikwamisha. Ikipatikana, Jumamosi niko garini. Aa, mimi? Mimi niko vizuri! Ningekuwa na chombo ungeniona."

Mama Pindo alikanyaga cherehani ili asisikie, lakini alisikia. Ilikuwa sauti ile ile ya "chombo kimekufa," sasa imepata jina jipya. Aliiona miaka iliyobaki imepangwa mbele yao kama nguo zisizokwisha kupindwa: mumewe amekaa mlangoni, akimweleza kila apitaye kwamba angekuwa porini kama si sindano. Atalirudia na mbele ya wajukuu. Na atapekua nyufa za sakafu mpaka kufa kwake, na yeye atafagia.

Mchana alitoka kumpelekea mteja gauni. Aliporudi, alipita mlango wa nyuma, na kabla hajaingia chumba cha kazi alimwona. Kamba alikuwa amemwaga zile pini za kwenye kisahani mezani. Amefumba macho. Alikuwa anajaribu kuziokota. Vidole vilipapasa, vikafika kwenye pini, vikaipita. Vikarudi, vikaipita tena. Akaminya, akainua mkono, akafumbua macho: hakuna kitu. Kwenye kidole cha shahada tone la damu lilikuwa limetokea, pini imemchoma, na hakujua mpaka alipoliona. Alilifuta kwenye suruali. Akafumba tena.

Mama Pindo akarudi nje hatua chache, akakohoa, akaingia kwa kishindo. Pini zilikuwa zimeshafagiwa kwenye kisahani.

"Pini zako zina utelezi," mumewe alisema.

"Zina oili yako."

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alimfunga mumewe vifungo kama kawaida, mpaka cha juu. Mkono ukakaa hapo shingoni. Aliogopa. Akiitoa sindano, mtu huyu anaweza kupanda gari la Shoka, akasimama chini ya mti na kidole kisichojua kimeshika nini. Asipoitoa, kidole hicho hakitaulizwa swali kamwe. Yeye hakuweza kumwambia. Daktari alimwambia na ikawa kichekesho. Labda msumeno wenyewe ungemwambia.

Alilichukua kopo, akamimina vifungo mezani, akavitawanya kwa kidole.

"Hii hapa, baba."

Kamba aliinama, akaiangalia bila kuigusa.

"Ilikuwa wapi?"

"Si unaona? Kwenye kopo."

"Ilifikaje kwenye kopo?"

"Niliiweka."

Nje mtu aliburuta toroli, na wote wawili wakalisikiliza mpaka likaisha.

"Mimi nimetambaa chini ya kabati kama mtoto mchanga," Kamba akasema.

"Nilikuona."

"Ulikuwa unaniona!"

"Nilikuwa nakuona na roho ilikuwa inaniuma. Sasa niambie inakwenda wapi, kabla sijabadili nia."

Alimtazama mkewe kwa muda. Angeweza kufoka; alikuwa na haki. Badala yake akavuta kiti, akakaa upande wake wa kawaida, akasema kwa sauti ndogo, "Ncha ielekee chini. Chini yake kuna tundu. Halafu ile springi. Taratibu, mama, hiyo springi ikiruka hatutaiona tena, hata kwenye kopo."

Vidole vya Mama Pindo viliingiza sindano tunduni, vikaketisha springi, vikafunga kiwambo, ule utando wa kuifunika, na skrubu zake. Kamba alichanganya petroli na oili kwenye chupa kwa kuangalia rangi, akanusa, akaongeza kidogo, akatikisa. Akanoa meno ya mnyororo kwa tupa, jino kwa jino. Hapo hakuhitaji kuazima vidole, alisikiliza tupa inavyolia.

Wakautoa nyuma ya nyumba. Kamba aliukanyaga kwa buti, akavuta choki, kile kidude cha kupunguza hewa, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Ukakohoa. Akasukuma choki, akavuta, na uani pakajaa moshi wa buluu na kelele, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mama Pindo aliziba masikio. Mumewe alikuwa ameinamisha kichwa akiusikiliza, bisibisi mkononi, akizungusha kidogo huku, kidogo kule, mpaka ile sauti ya kukwama ikaondoka na ukawa unanguruma sawasawa. Uso wake ulikuwa wa yule kijana wa madumu. Alitazama huku na huku, akaliona gogo.

"Hicho ni kiti cha wateja!" Mama Pindo alipiga kelele.

"Utapata viti viwili!"

Akalikata. Mama Pindo hakuwa amewahi kumwona kazini, miaka yote hiyo. Bapa liliingia kwenye gogo kama mkasi kwenye hariri, vumbi la mbao likaruka kwa upinde mmoja, na mkato ukashuka wima, bila papara, bila kuyumba. Gogo likaachana. Nusu mbili zikalala pembeni kwa adabu. Mama Pindo akajua ameshindwa, mumewe ataondoka.

Kamba akamgeukia, anacheka, msumeno mikononi. Mnyororo ulikuwa bado unakimbia.

"Achia!" mkewe alipiga kelele.

"Nimeachia!"

"Hujaachia!"

"Nimeachia, mama! Sikiliza..." Na akasikiliza yeye mwenyewe. Injini ilikuwa inalia kwa nguvu zote, mnyororo unapita mbele ya paja lake, na kicheko kikabaki usoni peke yake, hakijui kiende wapi. Aliinamisha macho. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimejikunja kwenye kifyatuo cha mafuta, kimebana kabisa. Alikitazama. Alikuwa amekiamuru kiache. Alikuwa na hakika kimeacha.

Alisogeza mkono wa kushoto kuzima. Bapa likaning'inia, ncha ikachota udongo, ikamrushia kwenye buti, kisha swichi ikabofya na kila kitu kikanyamaza. Hata kuku walinyamaza.

Kamba alikichomoa kidole kwa mkono mwingine, kama anayemtoa mtoto usingizini kwenye kiti. Akauweka msumeno chini. Akakaa kwenye nusu ya gogo, na Mama Pindo akakaa kwenye nusu ya pili. Vumbi la mbao lilikuwa linashuka bado, likatua kwenye nywele za Kamba, mabegani, na kwenye masikio yake, kama zamani.

Jumamosi Shoka alipiga honi barabarani. Kamba ndiye aliyetoka, ameubeba msumeno, amefuta kila kona, mnyororo unang'aa. Mama Pindo alisimama nyuma ya pazia.

"Umeipata sindano!" Shoka alifurahi. "Panda basi, begi liko wapi?"

"Chukua hiki. Wape vijana. Kinawaka vizuri kuliko hilo gari lako. Waambie wasikitie petroli tupu, wachanganye. Na choki waisukume kikishakohoa, wasiwe na haraka."

"Na wewe je, Kamba? Si umesema uko vizuri?"

Kamba alivitazama vidole vyake, kisha akavirudisha mfukoni.

"Mikono, bwana," alisema. "Mikono ndiyo imekufa."

Shoka aliupokea msumeno kwa mikono miwili, akaulaza kwenye kiti cha mbele, pale ambapo angekaa mtu.

Kamba alirudi ndani akaketi karibu na dirisha, na muda si mrefu kichwa kikamwangukia kifuani, akasinzia vile vile amekaa. Mama Pindo alikunja gunia. Doa la oili lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, limeingia mpaka kwenye mbao za meza, na nguo yoyote ya rangi nyepesi ingelibeba. Alichota maji ya sabuni kwenye beseni, akatafuta brashi, akaanza kusugua polepole ili asimwamshe.